Gavana Asiye na Mwaka wa Kutoka

Kiti kilikuwa na joto.

Godelieve alikigusa tu kwa bahati, Jumatatu asubuhi, akifuta meza, na mkono wake ukaruka wenyewe. Ni kile kiti cha mbao chenye mikono, cha kichwani mwa meza. Hakuna aliyekaa pale. Libère, mume wake, alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini kwenye bohari Midrand. Annick, binti yao wa miaka minne, alikuwa bado sakafuni na nguo za kulalia, shule zimefungwa. Na ni Julai, baridi ya Johannesburg inaingia mpaka chini ya kucha, sufuria baridi, sakafu baridi, bomba baridi. Kiti tu ndicho kilichokuwa na joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

Akatazama saa. Saa mbili na dakika tano.

"Annick, ulikaa hapa?"

"Cha, Mama."

Yaani hapana. Annick alielewa Kiswahili chote, lakini kujibu alijibu Kizulu, yeye na Shekinah, mtoto wa Clémentine wa mlango wa pili, jirani waliyesali naye kanisa moja. Ndivyo walivyo watoto waliozaliwa huku. Kiswahili kinaingia masikioni, mdomoni hakitoki.

Godelieve akafungua kompyuta yake juu ya meza. Kazi aliyotoka kuimaliza ilikuwa ya kumchapia Mwalimu Hugues, mzee wa kanisani kwao, kitabu chake cha historia ya magavana wa kikoloni wa Jimbo la Lukwezi, alikozaliwa mzee huyo. Mzee ana mtoto wa jicho, hawezi kusoma kioo cha kompyuta, kwa hiyo alileta madaftari, akaketi, akamweleza taratibu kama darasani.

"Jina, mwanangu. Halafu mwaka wa kuingia, halafu mstari, halafu mwaka wa kutoka. Ukiona mstari hauna mwaka mbele yake, ujue huyo bado yuko kitini."

Magavana walikuwa kumi na mmoja. Mmoja alikufa kwa homa, wengine walihamishwa. Wa kumi na moja hakumkabidhi mtu ofisi. Aliketi akaandika tangazo kwamba jimbo limefutwa, akatoka. Lakini aliyemkaa Godelieve kichwani ni wa sita. Jina lake la kizungu watu hawakulitamka, walimwita Toa-Mmoja. Mwalimu aliandika hivi daftarini: *Alipiga kengele akatangaza kila nyumba itoe mmoja wa kubeba mizigo. Nyumba isiyo na mwanamume itoe mtoto. Waliokwenda hawakurudi.* Godelieve aliichapa sehemu ile Ijumaa huku maharage yanaungua jikoni na Annick ameanguka kutoka kitandani analia, akakimbia huku akakimbia kule, akarudi akaendelea na wa saba. Jioni Mwalimu akaja kuichukua kazi, aipeleke kwa wachapaji.

Jumatatu hiyo alikuwa anapanga tu madaftari ya kumrudishia.

Jumanne, saa mbili kamili, kengele ililia. Kengele ndogo, ya mezani, mara moja. Godelieve alikuwa anaosha vyombo. Akageuka, akamwona Annick amesimama wima kando ya kile kiti, mikono imebanwa mapajani, kidevu juu.

"Unafanya nini?"

"Nasubiri bwana mkubwa aniite."

Kwa Kiswahili. Kiswahili kilichonyooka, cha kizamani, kisichokuwa cha Libère wala cha mtu yeyote pale Mayfair, mtaani kwao. Na chumba kikanuka ngozi iliyolowa na nta iliyoungua, na juu ya meza tupu kikaanza kishindo, pu, kimya, pu, kimya, kama mtu anagonga muhuri karatasi moja baada ya nyingine, hana haraka. Iliendelea mpaka saa kumi jioni. Saa kumi ilipogonga, viatu vizito vilishuka ngazi, hakuna miguu ndani yake, na Annick akaomba juisi.

Libère aliporudi hakukuta harufu wala sauti.

"Jini linalotoka kazini saa kumi," akasema, anavua viatu. "Eish, Gode. Liulize kama wanaajiri, na mimi nipeleke vyeti."

"Mtoto ameongea Kiswahili, Libère."

"Si ndicho unachomwombea kila Jumapili?"

Akacheka. Godelieve hakucheka.

Jumatano, kumbukeni, ndiyo siku aliyouona muhuri. Alikuwa anamwogesha Annick akaona kwenye kifundo cha mkono duara la zambarau, na katikati namba moja. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa limau, mtoto akalia, duara halikutoka. Akajiambia ni kalamu ya Shekinah. Alhamisi akaacha kujiambia hivyo, maana kutwa nzima Annick alisimama pale kitini, hali, hanywi, na kila kishindo kilipopiga mezani duara lile liliongezeka weusi.

Ijumaa saa mbili kengele ikalia mara tatu. Kompyuta ilikuwa imefungwa, akaikuta imefunguka, na kwenye kioo mstari mmoja:

*Kila nyumba itoe mmoja. Nyumba hii, leo, kabla ya saa kumi.*

Hakufikiri. Alimkumbatia mtoto akaukimbilia mlango, na hapo kizingitini Annick akawa mzito, mzito kama gunia la saruji, mzito kupita gunia, akamponyoka akasimama palepale, na Godelieve akavuta, akasukuma, akapiga magoti akamshika kiuno akanyanyua mpaka mgongo ukalia, na mtoto hakusogea hata inchi moja, alimtazama tu mama yake kwa macho ya mtu aliye nyuma ya dirisha la ofisi, akasema, "Sina ruhusa ya kutoka." Halafu akageuka, akarudi mwenyewe kando ya kiti, mwepesi kabisa.

Simu ya Libère huwa inafungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Mwalimu hakupokea. Saa zilikwenda vibaya siku ile, haki ya Mungu zilikwenda kama mtu anazisukuma, akiomba Baba Yetu anakwama katikati, anaanza upya, mara imekuwa saa nane, na kumwacha mtoto peke yake na kile kitu hawezi. Ndipo akafungua dirisha akamwita Mama Saidati, mama wa Kiislamu wa Buyenzi, Bujumbura, anayeuza ubani na tende pale chini, ambaye watu wa dini zote humpelekea wagonjwa wao bila kusemana.

Mama Saidati alipanda ngazi polepole, chetezo mkononi. Mlangoni akasita. Akanusa.

"Mama Annick, nani amehamia humu?"

"Hakuna mtu, Mama. Tuko watatu."

"Mko wanne."

Akaingia anasoma dua, moshi unamtangulia. Moshi ulipofika kwenye kiti ukagawanyika, ukapita kushoto na kulia, na katikati yake pakabaki umbo la mtu aliyekaa, mabega, kofia ya duara, mkono mmoja juu ya meza. Halikuwa na uso. Annick ndiye aliyefungua mdomo.

"Huyu ameingia bila kubisha hodi. Ana barua?"

"Mimi hodi napiga kwa Mola wangu," Mama Saidati akasema kwa sauti ya chini. "Wewe nani amekuweka hapa?"

"Nimeandikwa."

"Na nani?"

Mkono mdogo wenye muhuri ukanyanyuka, ukamwonyesha Godelieve.

Godelieve akaivuta kompyuta, akaitafuta ile orodha, wa kwanza, wa pili, wa tano, na wa sita huyu hapa, Toa-Mmoja, 1926, halafu mstari, halafu hakuna kitu. Mbele ya mstari palikuwa peupe. Maharage yaliungua, mtoto alianguka, akarudi akaendelea na wa saba.

"Nimemwacha kitini," akanong'ona. "Mama, mimi ndiye niliyemwacha kitini."

"Huyo mzungu alishakufa na kuoza," Mama Saidati akasema. "Hili ni jini la kiti. Yeye alilikaribisha, likatumia jina lake. Sasa umelifungulia tena. Lifunge."

Daftari la Mwalimu lilisema 1931. Godelieve akachapa 1931. Tarakimu zikakaa, zikatetemeka, zikafutika moja moja, kuanzia ya nyuma.

"Sikuondoka mwaka huo," Annick akasema. "Niko kazini leo. Atakayepokea ofisi ni nani?"

Saa tisa na dakika ishirini na tano.

Mama Saidati akamvuta mkono. "Jini ni la ahadi, binti yangu, haliachi kiti bila mtu wa kupokea. Linataka umtaje mtoto. Usimtaje."

"Basi nimtaje nani?"

Mama Saidati aliinamisha kichwa juu ya chetezo.

Godelieve akachapa mbele ya ule mstari tarehe ya leo. Chini yake akachapa jina lake mwenyewe, tarehe ya leo, na mstari. Umbo lile katika moshi likanyanyuka, likasogea kando kwa adabu, na mtoto akavuta kiti nyuma kama alivyofundishwa. Godelieve akakaa.

Joto lilipanda kutoka kwenye mbao likamwingia mgongoni, tamu, tamu kama uji wa asubuhi, likafika kifuani likafika masikioni, na mara akaisikia nyumba yote ile ya ghorofa, milango kumi na sita, akajua nyuma ya kila mlango wako wangapi, mwenye kikohozi ni nani, mtoto amelala wapi, mwanamume yuko au hayuko, akajua bila kuuliza ni nani akisukumwa atatoa upesi na ni nani atalia kwanza, na mbele yake kengele ambayo haikuwapo ikawapo, inang'aa, na mkono wake ukawa unaitaka, na hapo katikati ya utamu huo akakumbuka kitongoji cha Alexandra, Mei ya 2008, wageni walipowindwa, yeye ana miaka tisa chini ya kitanda, mkono wa mama yake umemziba mdomo mpaka anaonja chumvi, na nje viatu vinakwenda mlango kwa mlango na mtu anauliza, humu kuna nani, humu kuna nani, na akaelewa kwamba miaka yote hii alikuwa anajiuliza mtu yule alijisikiaje, na sasa anajua, alijisikia hivi, alijisikia vizuri.

"Ipige," sauti ikasema, siyo ya Annick tena, ilitoka nyuma ya shingo yake. "Ni yako."

Saa tisa na dakika hamsini.

"Annick," akasema, na sauti yake ikatoka nzito, ya kiofisi, mpaka Mama Saidati akarudi nyuma hatua moja. "Huna kazi hapa. Toka."

"Ndiyo, bwana mkubwa," mtoto akasema, akatembea, akavuka kizingiti, akasimama nje.

Kishindo kikapiga meza mara tatu kwa hasira. Godelieve akaiacha kengele, akashika kompyuta kwa mikono miwili, akachapa kama alivyochapa wa kumi na moja: *Leo mimi gavana nimelifuta jimbo hili. Hakuna kiti, hakuna wa kukipokea.* Akarudi kwenye jina lake, mbele ya mstari, akaweka tarehe ileile. Akajinyanyua. Ngozi ya mapaja yake ilishika mbao kama iliyogandishwa kwa gundi, akajing'oa, akaacha damu kidogo.

Viatu vikashuka ngazi. Kwa mara ya kwanza vilishuka kabla ya saa kumi, na vilikuwa vinakimbia.

Huko nje Annick akaangua kilio. "Mama, ngilambile," akasema. Nina njaa, kwa Kizulu. Godelieve akakaa sakafuni akamkumbatia, akamwambia sema tena, sema tena mama, na duara la mkononi lilikuwa limepauka, linatoka kwa mate.

Jioni Libère aliuona ule mkono, akaiona damu, hakutania. Alikishusha kiti uani akakipasua kwa shoka, Mama Saidati akakichoma. Kilitoa moshi mweusi mpaka watu wakafunga madirisha. Jumamosi kimya. Jumapili hawakwenda kanisani, walilala wote watatu kitanda kimoja mpaka mchana, wakaamshwa na simu ya Mwalimu Hugues.

"Mwanangu, mmekosa sherehe," mzee akasema, ana furaha kama bwana harusi. "Kitabu kimetoka. Nimekigawa baada ya misa. Watu wa Burundi, wa Kongo, wote. Kila nyumba imechukua kimoja, hakuna iliyokataa."

Godelieve alikuwa amesimama. Hakukumbuka amesimama saa ngapi.

"Mwalimu. Ukurasa wa gavana wa sita. Uliuangalia?"

"Kwa macho haya? Nilikuamini wewe. Kwani kuna kosa?"

Jumatatu Libère hakwenda kazini. Saa mbili kasoro walikaa kitandani, Annick katikati anachezea simu, anaimba kitu chake cha Kizulu. Saa mbili kamili. Chumbani hakukulia kitu. Meza ilikaa kimya na pengo lake kichwani. Libère akashusha pumzi, akataka kusema neno.

Kengele ikalia, ndogo, mara moja, mlango wa pili.

"Shekinah," wakamsikia Clémentine anaita nyuma ya ukuta, anacheka bado, hajajua kitu. "Shekinah, njoo unywe chai. Mbona umesimama hivyo?"

Na mtoto ambaye tangu azaliwe hajawahi kumjibu mama yake kwa Kiswahili akajibu, taratibu, kila neno limenyooka:

"Nasubiri bwana mkubwa aniite."