Mtandao wa Mashine Mbili

Fundi mpya wa kompyuta alikutana na binti mtaalamu wa mitandao mlangoni mwa lifti, asubuhi watu wakisukumana. Binti alivaa gauni la manjano, na kisigino chake kikamkanyaga fundi kidole.

"Pole, kaka."

"Kanyaga na cha pili, dada, nisichechemee upande mmoja."

Akacheka. Mvua zilipokwisha walikuwa wakiitana mpenzi, na mama yake fundi akimwita binti mkwe.

Kisha wivu ukaingia. Mchana mmoja fundi alifungua programu ya kusimamia mashine za kampuni, zile zisizoshikika kwa mkono, zinazoishi ndani ya kompyuta kubwa. Karibu zote zilikuwa kwenye mtandao wa pamoja, kila moja ikiziona nyingine. Mbili tu zilikuwa kwenye mtandao uliotengwa, bila njia ya kutoka: ya mpenzi wake, na ya afisa masoko, yule bwana wa manukato anayependa kumwinamia binti mezani.

Moyo ukamlipuka. Akaitoa mashine ya bwana yule, akairudisha kwenye mtandao wa pamoja.

"Mkaongelee mbele za watu!"

Punde ofisi nzima ikapiga kelele. Mafaili hayafunguki! Simu ya fundi ikalia.

"Mpenzi, nani ameitoa ile mashine?"

"Muulize uliyejifungia naye."

"Ni wewe? Ina virusi ile! Niliitenga isiambukize nyingine, nikaweka na yangu ya majaribio niichunguze. Ile ni karantini, si fungate! Sasa bosi ananifukuza kazi mimi."

Fundi alipanda ngazi mbiombio. Bosi alikuwa akifoka, binti ameinamisha kichwa.

"Mkosaji ni mimi, mzee," fundi alisema. "Nilishikwa na wivu."

Watu waliangua kicheko, bwana wa manukato kuliko wote. Binti hakucheka.

"Zisafisheni mashine zote leo," bosi aliamuru. "Wewe mshahara utakatwa."

Walikaa bega kwa bega wakisafisha mashine, mpaka fundi akashindwa kuvumilia.

"Nisamehe, mpenzi."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa jibu."

"Basi zoea kuuliza. Sitaki mume wa kubofya kwanza."

Vidole vya fundi viliganda juu ya kibodi. "Umesema mume?"

"Fanya kazi, wewe," alisema binti, akigeuza uso asionekane anavyotabasamu.