Mbuzi wa Mama Denise

Kila jioni katika nyumba ya Papa Étienne na mke wake, Mama Denise, kule Ngezi, sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilisubiri maombi. Hata tumbo lingenguruma kama pikipiki inayopanda mlima, hakuna aliyenyoosha mkono. Kwanza Papa aliuliza, "Nani iko na neno ndani ya moyo juu ya mwenzake?" Mwenye neno alilitoa, wakasameheana, ndipo wakasali. Amani ilikuwa nyingi mle, hata kuku wao walitembea wawili wawili kama maharusi.

Jumatano moja wazazi walikwenda kanisani na Rebecca, binti yao mkubwa, kupanga ndoa yake itakayofungwa Jumamosi. Mdogo wake, Ketsia, alikuwa peke yake nyumbani. Vanessa, dada yake bwana arusi, akafika akivuta mbuzi mweupe.

"Hii ni mbuzi ya mama yako, ya mwisho ya mahari," alisema. "Uifunge muzuri, iko na kichwa nguvu, haisikii mutu!"

"Weye utanifundisha mbuzi?" Ketsia akacheka.

Katika ukoo wao, mbuzi huyo ni shukrani kwa mama aliyemlea bibi arusi. Asipofika, mama amedharauliwa. Lakini rafiki zake Ketsia walikuwa wakimwita wakaruke kamba, basi akaizungusha ile ya mbuzi kwenye mti bila fundo, akakimbia. Mbuzi yule, ambaye ndevu zake zingemtosha shemasi, akajivuta kidogo na kwenda zake bila kuaga.

Wazazi waliporudi, Mama Denise aliuliza, "Vanessa alileta mbuzi?"

Ketsia aliangalia mti mtupu. "Hapana, Mama. Sikuona mutu."

Mama akaketi. "Kumbe ndivyo wanavyoniona," akasema.

"Eh, Denise, unalilia nyama?" Papa akamjibu kwa ukali. Akapiga simu kwa wakwe. Wao walisema mbuzi amepelekwa. Papa aliposema hakufika, Vanessa alisikika simuni akiapa huku akilia, lakini wajomba zake wakamwita mwongo. Papa akakata simu. "Kama wanatudanganya juu ya mbuzi, watamtunzaje binti yetu? Hakuna ndoa mpaka neno hili linyooke."

Rebecca akaingia chumbani, akajifunika kitenge usoni.

Jioni Papa aliuliza swali lake. Ketsia aliangalia sufuria tu. Ndipo yeye mwenyewe akavua kofia, akapiga magoti mbele ya mke wake.

"Mama Rebecca, nilikujibu vibaya mbele ya watoto. Haukulilia nyama, ulililia heshima. Unisamehe."

"Nimekusamehe, Papa. Simama sasa, magoti hayo si ya kijana!"

Ketsia hakuweza kucheka. Baba mzima amepiga magoti kwa neno moja tu la ukali, naye amekalia uongo mzima! Machozi yakamtoka.

"Papa, Vanessa alileta mbuzi. Mimi sikumufunga. Nilidanganya."

Papa hakupiga kelele. "Chakula kitangoja," alisema. "Twende."

Nyumbani kwa wakwe, Ketsia alisimama mbele ya wajomba wote. "Vanessa alisema kweli. Mwongo ni mimi. Vanessa, unisamehe."

Vanessa akamkaribia. "Nilikuambia mbuzi iko na kichwa nguvu. Kumbe kichwa yako imeipita!" Watu wakacheka, naye akamshika mkono. Baba yake Vanessa akasema, "Jumamosi tunakuja na ngoma."

Kesho yake mbuzi alipatikana kanisani, amekula maua yote ya kupamba. Wengine wanasema aliimba sauti ya nne na kwaya. Mimi nasema alimeza karatasi ya nyimbo tu.

Ketsia ndiye aliyetafuta maua mapya. Akiyafunga pamoja na Mama, aliuliza, "Papa ni kichwa cha nyumba. Mbona alipiga magoti?"

"Ndiyo sababu alitangulia," alijibu Mama. "Siye pia tunakosana, mwanangu. Lakini tangu tuoane, hatujalala na kosa lisilotubiwa. Ukikosa, sema kweli upesi. Ukichelewa, asiye na kosa ndiye anabeba muzigo wako."