Kutoka Lodwar Hadi Moyale

Kila jioni baada ya kuchota maji, Mutindi alifanya kazi ya shule mezani, huku mama yake akichambua maharagwe ya kuuza sokoni Kasikeu. Alhamisi hiyo alikwama. Mwalimu Ndolo aliwataka wanafunzi wa darasa la sita wapime kwenye ramani umbali wa kutoka uwanja wa ndege wa Lodwar hadi ule wa Moyale, kule kaskazini, kisha, kwa mwendo wa ndege waliopewa, waseme ingetumia muda gani.

Kaka yake Kiilu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo fupi kutoka shule ya bweni, alichukua penseli akaimaliza hesabu upesi. Mutindi akanakili bila kuuliza neno.

Ijumaa mwalimu alimsifu mbele ya wenzake. "Ni wewe peke yako uliyepata! Jumatatu mkaguzi wa shule anakuja. Utamwonyesha ulivyofanya."

Shule ilipofungwa, Mutindi alikimbia kumtafuta kaka yake ili amfundishe. Alipofika nyumbani, Kiilu alikuwa amekwisha rudi shuleni. Jumamosi na Jumapili Mutindi alizunguka uani na daftari. Namba alizikumbuka zote, lakini hakujua zilitoka wapi.

Jumatatu alfajiri alijikunja kitandani. "Mama, tumbo linaniuma."

Mama alimchemshia mwarobaini kikombe kizima, akasimama hapo hapo mpaka ukaisha. "Sasa vaa sare, mwiitu, binti yangu. Nitakufikisha shuleni mwenyewe."

Njia nzima alimshika mkono. Langoni, gari la mkaguzi lilikuwa limekwisha fika. Hapakuwa na pa kukimbilia.

Mkaguzi, Bwana Muthama, aliketi nyuma ya darasa. Mutindi aliandika ubaoni: saa moja na nusu.

"Umepataje?" mkaguzi aliuliza.

Chaki ilimvunjikia mkononi. Mwalimu Ndolo alikuwa akimtazama kwa tabasamu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Sijui, bwana. Ni kaka yangu aliyefanya."

Tabasamu la mwalimu likapotea. Bwana Muthama alikuja mbele, akampa rula na ramani ile.

"Basi pima mwenyewe."

"Sentimita kumi na tatu," Mutindi alisema kwa sauti ndogo.

"Kila sentimita ni kilomita thelathini."

Alizidisha, akakosea, akafuta, akazidisha tena. "Mia tatu na tisini."

"Na ndege inakwenda kilomita mia mbili na sitini kwa saa."

Alifikiri. Saa ya kwanza ingemaliza mia mbili na sitini. Zingebaki mia moja na thelathini, yaani nusu saa. "Kumbe ndivyo!" alisema kwa sauti.

Mkaguzi alipoondoka, Mwalimu Ndolo alimwita kando.

"Umenitia aibu, Mutindi. Ungeniambia Ijumaa kwamba hukuelewa, ningekufundisha, nawe hungeteseka hivi. Kutoelewa si kosa. Kosa ni kuchukua kazi ya mwingine na kuiita yako, kwa sababu siku ya kuulizwa utasimama peke yako."

"Nisamehe, mwalimu."

"Nimekusamehe. Wenzako wote bado hawaijui hesabu ile. Rudi ubaoni ukawaeleze."