Hajira na Fundo la Mamba

Kila asubuhi, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Hajira alijitwika mgono wake, mtego wa fito wa kunasia samaki, akashuka mtoni. Miaka ile Wajerumani walikuwa wakiipeleka reli Korogwe, na wanaume wengi wa Mnyuzi, baba yake akiwemo, walikuwa wamechukuliwa kwenda kubeba mataruma ya kulazia reli. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani. Nyumbani kwao walikula kile alichokitoa mtoni, na alipokosa, mdogo wake alilala akilia.

Siku moja akagundua kidimbwi kilichojificha nyuma ya matete. Maji yalikuwa yametulia tuli, na kambare wamejaa tele. Hajira alifurahi, kisha akaingiwa na hofu. Wenzake wangekijua, kingebaki tope tupu.

Watu wa mto ule walikuwa na desturi. Aliyeona mamba alifunga matete fundo pale ukingoni, na hakuna aliyetia mguu majini mpaka Mzee Semboja, mvuvi wa siku nyingi, alifungue. Fundo la mamba halikuulizwa maswali. Hajira akatazama huku na huku, akashika matete, akafunga.

Tangu hapo hakurudi mikono mitupu. Tatu, rafiki yake wa nyumba ya jirani, alianza kumtupia jicho.

"Mwenzangu, hao kambare unawatoa wapi?"

"Bahati tu," Hajira alijibu, akapita haraka.

Tatu hakuridhika. Kesho yake alimfuata kimyakimya, akamwona akiliruka fundo na kuingia majini bila wasiwasi wowote. Alirudi nyumbani akijiambia kwamba, kumbe, mafundo yale ni ujanja wa wachoyo.

Haukupita muda mrefu, mto ukabadilika. Maji yalikuja mekundu kutoka juu, na ndege wa kwenye matete wakanyamaza. Mbuzi aliyepelekwa kunywa maji kivukoni hakurudi. Jioni Mzee Semboja alifunga fundo pale kivukoni, Hajira akimwona, akaondoka.

Asubuhi Hajira alikuwa akitoka kidimbwini, mgono umejaa, alipomwona Tatu kivukoni. Alikuwa amelipita fundo. Maji yalikuwa yamemfika magotini.

"Tatu, toka! Kuna mamba hapo."

Tatu akacheka. "Mamba kama yule wa kwako? Nilikuona, Hajira. Umekuja kunifukuza hapa pia?"

Hajira aliutua mgono ukingoni. "Lile langu lilikuwa la uongo. Hili amelifunga Mzee Semboja. Nakuomba, mwenzangu, toka."

"Uongo wako umeuzoea," Tatu alisema, akapiga hatua nyingine kinyumenyume.

Nyuma yake kitu kama gogo kilisogea, kikienda kinyume cha mkondo. Hajira hakungoja. Aliuinua mgono wake na samaki wote waliomo, akautupa majini, mbali na Tatu, kwa nguvu zake zote. Gogo likageuka. Maji yakatibuka, na fito za mgono zikasikika zikivunjika. Tatu alitoka akitambaa, akamkumbatia Hajira, na wote wawili wakalia.

Hajira alikwenda mwenyewe kwa Mzee Semboja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akamweleza yote bila kuficha.

"Fundo ni matete tu," mzee alisema. "Mbuzi huyala. Kinachomzuia mtu asiingie majini ni kuamini kwamba aliyelifunga hakudanganya. Ulipofunga la uongo, uliyafungua mafundo yote ya mto huu. Njaa naijua, mjukuu wangu, lakini ungesema, tungevua pamoja. Ukweli ndio unaotulinda hapa, hatuna kingine."

Alimpeleka kidimbwini, akamwamuru alifungue fundo lake mbele ya wenzake wote. Hajira alilifungua huku akitokwa na machozi. Kisha mzee akawapa yeye na Tatu fito, wasuke mgono mmoja wa kuvulia pamoja.

"Na lile la kivukoni, babu?" Tatu aliuliza.

"Hilo liacheni," alijibu Mzee Semboja, akiutazama mto. "Bado yupo."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyelisogelea.