Mwangwi wa Traki ya Kumi na Moja

Ninayo heshima kubwa kuwatangazia kwamba, katika mwaka wangu wa pili bwenini, niliteuliwa kuwa Msimamizi Mkuu wa Mitambo ya Kurekodia ya shule yetu. Barua ya uteuzi haikuandikwa. Mwalimu wa kwaya alinikuta nikipita koridoni, akasema, "Wewe mwenye kelele, njoo unikunjie hizi nyaya." Nikazikunja. Tangu siku hiyo wasichana wenzangu wakaniita Mheshimiwa.

Kila siku baada ya masomo nilifagia studio, nikafunga madirisha na kuzima feni, maana maikrofoni husikia hata upepo. Chumba kile zamani kilikuwa stoo ya magodoro, na magodoro yenyewe yalibaki, yamesimamishwa ukutani pamoja na trei za mayai. Ukisema neno humo, linakufia mdomoni. Ukinyamaza, unasikia damu yako ikitembea masikioni. Sikupenda kukaa humo peke yangu, ingawa cheo changu hakikuniruhusu kulisema hilo.

Mwalimu tulimwita Masikio, kwa mbali, akiwa hatusikii. Alisikia hata hivyo. Zamani alikuwa fundi wa sauti redioni, na alitufundisha kwa subira.

"Kila mwimbaji ana njia yake," alisema akionyesha mistari ya rangi kwenye kompyuta. "Hiyo ni traki. Mko kumi, traki kumi. Kila traki ina kitelezi chake cha kupandisha na kushusha sauti. Kisha traki zote zinamwaga sauti kwenye njia za pamoja, kama mifereji inavyoingia mtoni. Njia ya pamoja inaitwa basi. Hili ni basi la sauti zote, na hili ni basi la mwangwi."

"Nauli ni kiasi gani, Mwalimu?" nikauliza.

"Utalipa wewe, usiwe na haraka."

Wimbo wetu ulikuwa wa mashindano, na faili ilitakiwa kutumwa Jumamosi saa sita mchana. Mwimbaji kiongozi alikuwa Kengele, msichana mpole mwenye sauti safi kama jina lake la utani. Mwishoni mwa wimbo alikuwa anabaki peke yake, kisha sauti yake inazama polepole mpaka unabaki mwangwi tu. Nilipousikia mwisho ule mara ya kwanza, nywele zilinisimama.

Nywele zikishanisimama, akili yangu nayo husimama. Jumatatu nilijifungia studio. Nikanakili traki ya Kengele, nikafuta sauti yake kwenye nakala, kisha nikanong'ona kwenye maikrofoni kwa sauti ya kukwaruza: "Niimbie... niimbie, mwanangu..." Nikausogeza mnong'ono hadi mwisho wa wimbo. Traki ya kumi na moja. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumanne Kengele alivaa vipokea sauti ili ajisikilize. Mwalimu alikuwa mlangoni akizungumza na matroni. Mimi nilijifanya ninahesabu nyaya.

Nilitegemea apige kelele kisha tucheke. Hakupiga kelele. Alivua vile vipokea sauti taratibu, akaviweka mezani, akatoka nje akitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Mwalimu akamfuata.

Nilikimbilia kompyuta nifiche ushahidi. Kabla sijafuta, nikasikia hatua zikirudi, basi nikakivuta kitelezi cha traki yangu hadi chini kabisa, nikauficha ule mstari usionekane kwenye kioo. Kwisha kazi, nikajiambia. Imekufa.

Mwalimu aliingia, uso umekunjamana. "Anasema amemsikia bibi yake. Yule aliyefariki likizo iliyopita. Kengele alikuwa akimwimbia kila jioni." Akabonyeza kitufe, wimbo ukatoka kwenye spika.

Sikulijua hilo la bibi. Naapa. Nilisimama pale nikingoja mwisho wa wimbo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuzima kila kitu.

Sauti ya Kengele ikazama. Ukaja mwangwi. Na ndani ya mwangwi, mbali sana, kama mtu aliye upande wa pili wa magodoro, kikaja kitu: "...mbie... nangu..."

Haikuwa sauti yangu. Yangu ilikuwa karibu na yenye kukwaruza. Hii haikuwa na mdomo wala pumzi. Ilikuwa mkia wa sauti usio na mnyama wake. Na mimi, niliyeizima traki kwa mkono wangu mwenyewe, niliisikia ikiita.

Mwalimu akasimamisha wimbo papo hapo. "Umesikia?" akauliza.

"Sijasikia kitu, Mwalimu," nikajibu, huku meno yakigongana.

Kuanzia siku hiyo Kengele hakuimba tena. Hakula. Bwenini alilala amefunika kichwa kwa mto. Besi, rafiki yetu mwenye sauti nzito, alijaribu kumchekesha: "We Kengele, hata kama ni bibi, si anakupenda? Mimi bibi yangu yuko hai na bado ananitisha." Kengele hakucheka.

"Ananiita nimwimbie," alisema, "na mimi siwezi kumfikia." Alhamisi aliomba simu ya matroni, akampigia baba yake, akamsimulia habari za bibi, na kumwomba aje kumchukua Jumamosi asubuhi, arudi nyumbani moja kwa moja.

Mngeniuliza kwa nini sikusema ukweli, ningewajibu kwa uso wa heshima kwamba nilikuwa bado ninachunguza. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa mara mbili. Niliogopa adhabu, na niliogopa kwamba labda kweli bibi alikuwa humo, amekasirika, na ananitafuta mimi.

Ijumaa alasiri Mwalimu alituita watatu studio: Kengele, Besi na mimi. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini," alisema. "Sijawahi kukutana na mzimu anayetumia umeme. Kaeni."

Akashusha traki moja moja, kumi zote, kila moja pamoja na mwangwi wake. Chumba kikawa kimya. Tulipofika mwisho wa wimbo, kutoka katika kimya kile: "...mbie... nangu..." Kengele alinishika mkono. Wangu ulikuwa wa baridi kuliko wake.

"Vizuri," Mwalimu akasema. Alizima basi la mwangwi. Kimya. Akaliwasha. "...mbie..." Akalizima tena. Kimya. "Kwa hiyo anakaa humu. Sasa tuone kaingilia wapi." Akafungua orodha ya traki zinazomwaga sauti kwenye basi lile. Zilikuwa kumi na moja.

Akaufichua mstari wangu. Kitelezi kilikuwa chini kabisa.

"Aliyefanya hivi alidhani amezima," alisema. "Lakini traki ya Kengele niliiunga kwa namna ya pekee. Sauti inachepuka kwenda kwenye mwangwi kabla ya kufika kwenye kitelezi, ndiyo maana Kengele akishushwa mwangwi wake unabaki. Aliyeinakili alinakili na mchepuko. Alishusha sauti yenyewe, mwangwi ukaendelea na safari." Akakipandisha kitelezi.

"Niimbie... niimbie, mwanangu..." Karibu, wazi, yenye kukwaruza. Kisha kicheko cha puani ambacho bweni zima linakijua. Kisha kwa mbali, mlango ukigongwa, na sauti nzito ya Besi: "Mheshimiwa! Umejifungia humo unafanya nini? Chakula kinapoa!"

Hakuna aliyegeuka kunitazama. Ingekuwa afadhali wangenitazama.

"Ni mimi," nikasema. Sikupata neno lolote la heshima la kuliongezea.

Kengele aliuachia mkono wangu. "Kwa hiyo si bibi," alisema polepole. Machozi yakamtoka, na sikujua ni ya nafuu au ya kumpoteza bibi yake mara ya pili.

"Nisamehe, Kengele."

"Sijui," akasema. "Labda. Si leo."

Mwalimu alifuta traki yangu, kisha akanigeukia bila kupaza sauti. "Mzaha ukiuweka kwako, ni wako, unaweza kuushusha. Ukishaumwaga kwenye njia ya wote, kushusha kitelezi chako hakutoshi. Unaendelea kuumiza watu huku wewe unajiona umeshanyamaza. Dawa ni moja, kwenda kuufungua mwenyewe na kusema, 'Ni wangu.' Mngekuwa mmelala kwa amani tangu Jumanne."

Kengele alifuta uso. "Niurudie mwisho wa wimbo kesho asubuhi, Mwalimu. Sasa najua ninayemwimbia hayumo kwenye mashine."

Na aliuimba. Faili ilitumwa saa nne na nusu. Lakini baba yake alikuwa njiani tangu Ijumaa mchana, na Mwalimu alinituma getini nikampokee peke yangu.

Alishuka kwenye gari, mtu mrefu, macho mekundu kwa safari. "Binti yangu yuko wapi? Anaendeleaje?"

"Shikamoo, baba," nikasema. "Yuko salama, anaimba. Yule bibi aliyekuwa akimwita ni mimi."