Robo Saa Tano Zisizosikilizwa

Kila siku shule ilipofungwa saa saba mchana, Marelvis alipita njia ileile. Alikata kona penye duka la dawa, akavuka barabara, akaingia karakana ya mjomba wake Wilfrido kwa mlango wa nyuma. Mtaa mzima wa Rebolo, mjini Barranquilla, uliijua karakana hiyo. Humo ndimo yalimotengenezwa mapiko, yale maspika marefu kama makabati, yenye michoro ya rangi kali, ambayo siku ya sherehe husikika hadi mtaa wa pili. Marelvis alikula arepa yake, mkate wa mahindi wenye yai ndani, akanywa maji ya baridi, akavua viatu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu akiwa mdogo aliweza kumwambia mjomba ni spika gani imechanika kabla haijafunguliwa.

Januari ile alikuwa na kazi nyingine. Risiva ya maktaba ya mtaa ilikuwa imekufa katikati ya filamu, watu wamekaa. Risiva ndilo sanduku linalopokea picha na sauti kutoka kwenye deki, likapeleka picha kwenye runinga na kugawa sauti kwa spika tano zinazozunguka chumba. Bila hiyo hapakuwa na filamu za Jumamosi. Wazazi walipika na kuuza wali wa kufunga kwenye majani ya migomba kwa miezi miwili, na fedha ya kununua nyingine ikapatikana. Maduka matatu yakakubali kuazima risiva moja moja kwa siku chache ili maktaba ichague.

Bi Carmenza, mkutubi, alimwomba Wilfrido achague. Wilfrido akakataa.

"Wanaokuja kwenye filamu ni watoto," alisema. "Wapime wao. Mimi nitawaonyesha namna."

Wapimaji wakawa watatu: Marelvis, rafiki yake Danna wa darasa lake, na Eliécer, mvulana wa miaka kumi na miwili ambaye hakuona tangu azaliwe, na ambaye hakuwahi kukosa filamu hata Jumamosi moja.

Jumatano mjomba alizipanga risiva kwenye rafu ya chumba cha nyuma cha maktaba, akazifunika kwa kitambaa cheusi, akazipa majina: A, B na C. Hakuna aliyejua ipi ilitoka duka gani wala ipi ilikuwa ghali. Aliwachezea kipande kilekile cha filamu mara tatu: mvua, mazungumzo ya watu wawili mlangoni, kisha farasi wanaokimbia.

"C," alisema Danna bila kufikiri. "Zile nyingine zimelala."

"Hata mimi C," alisema Marelvis. "Ina nguvu."

Mjomba alichukua kipima sauti, kidude kidogo cha mkononi, akakisimamisha pale walipokaa. Akaipunguza C mpaka ikalingana na zile mbili, akacheza tena. Safari hii C ilisikika ya kawaida kabisa, na maneno ya watu wa mlangoni yalizama kwenye mvua.

"Mmeona?" alisema mjomba. "Mlipenda kelele, hamkupenda sauti. Sikio linadanganywa kirahisi. Kwa hiyo kwanza tunalinganisha, ndiyo tunahukumu."

Kuanzia hapo walifanya kazi kwa makini. Upande wa picha, Marelvis na Danna walitazama sura za watu kama zimegeuka nyekundu kupita kiasi, wakatazama mahali penye giza kama vitu vinaonekana au vimekuwa doa jeusi tu. Kwenye C, midomo ilifunga kabla neno halijaisha kutoka. Kwenye A, giza lilififia kidogo likawa la kijivu. Upande wa sauti, Eliécer aliwashinda wote.

"Mlango umefungwa nyuma yangu, kulia," alisema wakati B inacheza. "Halafu huyo mwanamke amevaa viatu vya kisigino. Anakuja kushoto. Kwenye C sikujua yuko wapi, alikuwa kila mahali."

"We mtoto una rada," Danna alimtania.

"Na wewe una macho mawili na hukuona kitu," alijibu Eliécer, wakacheka.

Kufikia jioni B iliongoza kwa alama nyingi, A ya pili, C ya mwisho. Lakini mjomba alisema bado kuna kipimo kimoja. Kila risiva ingewashwa saa mbili mfululizo, kwa sauti ya kawaida ya siku ya filamu, na kila robo saa mtu angeandika kwenye daftari: sauti ikoje, picha ikoje, joto likoje.

"Nani ataifanya?"

"Mimi," alisema Marelvis. Aliona fahari daftari lilipowekwa mkononi mwake.

Alhamisi aliipima A na Ijumaa asubuhi, kwa kuwa walimu walikuwa na mkutano na shule haikufunguliwa, aliipima C. Zote zilimaliza salama. Ijumaa saa nane mchana akawasha B. Bi Carmenza alimwachia ufunguo, akaenda kwenye kikao cha mtaa. Chumba kilikuwa cha moto, filamu alikuwa ameshaitazama mara tano, na saa tisa kikundi chao cha ngoma ya kumbia kilikuwa na mazoezi. Zilibaki wiki tatu tu kabla ya Kanivali. Dakika ya arobaini na tano Danna alichungulia dirishani, sketi yake pana imekunjwa mkononi.

"Mare, bado tu umekaa hapo?"

"Imebaki saa moja na robo."

"Kwani itafanya nini? Si imeshinda tayari? Twende bwana, mwalimu wa ngoma hasubiri mtu."

Marelvis alilitazama daftari. Mistari mitatu ilikuwa imejazwa, mitano mitupu. Akachukua kalamu. *Sauti safi, picha safi, joto la kawaida.* Akaandika hivyo mara tano, akibadilisha neno hapa na pale ili isionekane ni mwandiko wa haraka. Kisha akazima kila kitu, akafunga mlango, akakimbia. Haikumchukua hata dakika mbili.

Jumamosi hakukuwa na filamu, lakini Eliécer alikuja maktaba vilevile, akapapasa ukuta mpaka kwenye meza alipokaa Marelvis.

"Bi Carmenza amesema tunanunua B Jumatatu jioni," alisema. "Nisomee daftari. Nataka kujua ilivyokwenda."

"Ilikwenda vizuri."

"Najua. Nisomee tu."

Marelvis akafungua. Mistari mitatu ya kwanza aliisoma kwa sauti yake ya kawaida. Alipofika wa nne akaanza kusoma haraka haraka.

"Saa nzima. Sauti safi, picha safi, joto la kawaida."

"Hapo filamu ilikuwa imefika wapi?"

"Kwenye… kwenye farasi."

"Ah, pale kwato zinapita kutoka nyuma kuja mbele. Hazikukwaruza?"

"Hazikukwaruza."

"Safi. Nilikuwa na wasiwasi maana ile ya zamani ilikuwa inakwaruza hapohapo kabla ya kufa." Eliécer aliegemea kiti, ametulia kabisa. "Endelea."

Aliendelea. Alisoma mistari yote mitano, na kwa kila mmoja Eliécer aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeonyeshwa kitu kizuri. Alipomaliza, Eliécer alimshukuru, akashika ukuta wake, akaenda zake. Marelvis alibaki amekaa. Kuandika uongo kulikuwa kwepesi. Kuusoma kwa sauti mbele ya mtu anayeuamini kulikuwa kuzito.

Jumapili hakula vizuri. Mama yake alidhani ni joto. Jumatatu alfajiri, kabla ya shule, alimkuta mjomba akifungua karakana.

"Mjomba, B sikuipima yote. Niliondoka dakika ya arobaini na tano. Mengine niliyaandika tu."

Wilfrido aliweka makufuli chini. Hakugomba.

"Nani mwingine anajua?"

"Danna. Ila hakuandika yeye. Niliandika mimi."

"Basi nenda kamwambie Bi Carmenza. Kwa mdomo wako. Mimi sitakutangulia."

Bi Carmenza alikuwa akifagia mlangoni mwa maktaba. Alisikiliza, fagio limesimama mkononi, uso ukikunjamana taratibu.

"Mwanangu, maduka yanazifuata risiva zao kesho asubuhi. Leo jioni nilikuwa nakwenda kulipa. Unajua akina mama walisimama juani mara ngapi kuuza ule wali?"

"Najua, Bi Carmenza. Niruhusu niirudie leo. Saa nane mpaka saa kumi. Sitatoka hata kwenda chooni."

"Na nitakuamini vipi?"

"Mwite Eliécer akae na mimi," alisema Marelvis. "Yeye hadanganyiki kwa sauti. Na nitamwambia mwenyewe nilichofanya."

Bi Carmenza akakubali. Marelvis alimwambia Eliécer palepale walipokutana mchana, kabla ya kuwasha chochote.

"Zile kwato," alisema Eliécer. "Hukuzisikia kabisa?"

"Sikuzisikia. Nisamehe."

"Nimekasirika," alisema Eliécer. "Lakini washa. Muda unakwenda."

Danna naye alipita, safari hii akiwa na hofu usoni. "Mare, leo ndiyo wanachagua mstari wa mbele. Usipokuwepo wanakuweka nyuma, huko hakuna anayekuona. Utaacha mstari wa mbele kwa ajili ya sanduku?"

"Waambie waniweke nyuma," alisema Marelvis. Moyo ulimuuma, lakini hakusimama.

Saa nane kamili B iliwaka. Robo saa ya kwanza, sauti safi. Ya pili, safi. Ya tatu, safi. Ya nne farasi walipita na Eliécer akasema hazikwaruzi. Marelvis aliweka kiganja juu ya sanduku kila mara na kuandika alichohisi: vuguvugu, moto kidogo, moto. Jasho lilimtiririka mgongoni. Saa tisa na dakika kumi, katikati ya sentensi ya mtu kwenye filamu, chumba kikanyamaza. Picha ikapotea. Taa nyekundu ikawa inawaka na kuzima kwenye uso wa risiva.

"Imekufa," alisema Eliécer.

"Imejizima yenyewe. Imepata joto kupita kiasi." Marelvis aliandika saa na dakika. Kama wangeinunua, ingewazimikia kila Jumamosi kabla filamu haijafika mwisho.

Eliécer alinyanyuka. "Basi tumemaliza. Tukamwambie Bi Carmenza."

"Ngoja." Marelvis alikuwa akitazama kitambaa cheusi. "Huenda kitambaa kimeziba matundu ya hewa. Zile mbili zilikuwa na kitambaa pia na hazikuzima, lakini sitaki tena kuandika nisichokijua. Tukiondoe, ipoe, tuanze upya."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ijizime au imalize saa mbili."

Waliiacha ipoe hadi saa kumi. Kutoka mbali ngoma za mazoezi zilisikika zikianza, zikaacha, zikaanza tena. Marelvis hakugeuza kichwa. Waliwasha B bila kitambaa, sehemu yenye hewa, wakakaa. Saa kumi na moja na dakika ishirini ikajizima tena.

Marelvis aliandika mstari wa mwisho, akaikata ile mistari mitano ya uongo kwa mstari mmoja mrefu ili bado isomeke, akaandika chini yake: *Mistari hii mitano sikuipima.* Akatia jina lake lote.

Jioni ile Bi Carmenza alisoma kurasa zote mbili. Akainunua A, ile ambayo giza lake lilikuwa la kijivu kidogo na haikuwa imeshinda kwa alama. Duka lenye B liliambiwa ukweli, na mwenye duka akasema ataipeleka kwa fundi kabla ya kuiuza kwa mtu mwingine.

Jumamosi iliyofuata watu thelathini walijaa chumba cha nyuma. Filamu ilichukua saa mbili na dakika ishirini, na hakuna kilichozima. Eliécer alikaa katikati, mahali pa spika zote tano, akimnong'oneza Marelvis kila mlango ulipofungwa nyuma yao. Kwenye Kanivali Marelvis alicheza kumbia mstari wa nyuma kabisa, na alicheza kwa moyo wote.

Watu walipokwisha kutoka siku ile ya filamu, Wilfrido alibaki akikunja waya. Aliwaita wapimaji wake watatu, Danna naye akiwemo, ameinamisha kichwa.

"Nitawaambia jambo, halafu mwende nyumbani," alisema. "Leo wameingia watu thelathini humu. Hakuna aliyeuliza risiva ilipimwa vipi. Wamekaa tu wakatazama, kwa sababu kuna watu waliambiwa wapime badala yao. Mtu akikupa kazi ya kupima, anakuazima macho yake na masikio yake, na hana njia ya kujua kama umeyatumia. Ukiandika ulichokiona, hata kama ni kibaya, umemtendea haki. Ukiandika usichokiona, umemwibia, hata kama kwa bahati umepatia. Marelvis alikosea Ijumaa. Jumatatu alirudi akakaa kwenye joto lile mpaka akajua. Ninyi wote nataka mkumbuke hiyo Jumatatu, maana kukosea kila mtu anaweza. Kurudi kuimaliza kazi kwa uaminifu, hilo linataka mtu aamue."

Danna ndiye aliyeinama wa kwanza, akashika ncha moja ya waya na kuanza kukunja pamoja na mjomba.