Kikao cha Wasimamizi Kilininyima Himalaya

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, muuguzi, mama wa binti mmoja, mkazi wa Sparkbrook hapa Birmingham. Ninaandika haya na hasira bado ninayo, kwa hiyo mkiona nimefoka mahali, mnisamehe. Sijui kusema mambo haya kwa upole. Nimejaribu, nikashindwa!

Nilizaliwa Mau Narok, kule juu kwenye baridi, nikalelewa nikichunga kondoo wa baba. Baba alipofariki, kaka zangu waliliuza shamba lote bila kuniuliza. Nikienda Kenya siku hizi sina pa kutembea. Huku Uingereza nimefanya kazi miaka na miaka, shifti juu ya shifti, na moyoni nilibaki na kiu moja tu: kutembea tena kwenye majani, juu sana, mahali penye baridi, bila mtu wa kuniita.

Rafiki yangu Sahra ndiye aliyeniwashia moto huo. Sahra ni Msomali wa Garissa, alipitia Uholanzi kabla ya kufika hapa, na ana duka la vitambaa kule Alum Rock. Mteja wake mmoja alikuwa amemwonyesha picha za milima ya Himalaya upande wa kaskazini mwa India. Kumbe huko kuna malisho mapana yaliyo juu kuliko miti yenyewe! Wenyeji wanayaita bugyal. Majani mafupi, mazito, maua madogo ya manjano, kondoo wametapakaa, na nyuma yake milima ya theluji. Watu hutembea humo siku nyingi, wakilala kwenye mahema. Sahra aliponitumia picha hizo nilikuwa ndani ya basi. Nililia, haki ya Mungu, mpaka mama mmoja mzungu akanipa kitambaa cha karatasi.

Tukaamua tutakwenda, mvua za huko zikiisha. Tukaanza kupanga. Wee! Safari ile ina mambo. Lazima upande polepole, ukilala njiani ili mwili uzoee, la sivyo kichwa kinakupasuka na unatapika kama mjamzito. Lazima upate bima inayokubali milima mirefu, na buti ulizokwisha kuzivaa mpaka zikakujua. Mimi nilijigamba kwamba mtu wa Mau Narok hafundishwi baridi. Sahra akanicheka. "Dada, umekaa Birmingham umekuwa laini kama mkate," akaniambia. "Walahi nitakubeba mgongoni."

Basi siku nisizokuwa na shifti tulikwenda kufanya mazoezi kwenye vilima vya Lickey. Nilijaza pakiti za unga wa ugali kwenye begi la mgongoni ili liwe zito, Sahra akajaza mchele. Tulipanda na kushuka, yeye na hijabu yake, mimi na kofia ya sufu, wazungu na mbwa wao wakitushangaa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nilipokanyaga nchi hii!

Na hiyo furaha ndiyo iliyomuudhi mume wangu.

Mume wangu tumwite Baba Shiko. Nilimleta Uingereza mimi, kwa viza ya kazi yangu, na hilo hakuwahi kunisamehe. Zamani alikuwa akinisukuma tu, au kunishika mkono mpaka unaacha alama. Nilikuwa nikivaa mikono mirefu kazini na kunyamaza. Binti yetu Shiko alipokwenda chuo kikuu Leeds, nyumba ikabaki na sisi wawili, na aibu yote ikamtoka.

Mwanzoni aliifanyia safari yangu mzaha. Kisha akaanza kuuliza ni mwanamume gani ananingoja huko India. Mwanamke aliyeolewa hawezi kulala kwenye hema, akasema. Siku nilipoitandaza ramani juu ya meza na kumwonyesha njia, alinizaba kofi, sikio likalia mpaka kesho yake. Nikafikiri basi, amemaliza hasira. Mjinga mimi!

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikamkuta sebuleni na kisu cha jikoni. Alikuwa amelichana begi langu la kulalia, lile la manyoya ya bata, kutoka shingoni mpaka miguuni. Manyoya yalikuwa kwenye makochi, kwenye taa, kwenye ndevu zake. Ungedhani kuku wa kijiji kizima wamechinjiwa pale! Nilipiga kelele. Akanifuata jikoni, akanikaba koo, akanigandamiza kwenye friji mpaka macho yakaona giza. Mkono wangu ukapapasa ukaushika mwiko. Nilimchapa nao usoni kwa nguvu zote za ugali niliowahi kusonga maishani. Akaniachia. Tulibaki tunahema, tunatazamana, na manyoya yakielea katikati yetu.

Nilipomsimulia Sahra, hakucheka. Aliniambia twende polisi siku hiyo hiyo, atafunga duka, atanisindikiza.

Na mimi nikamjibu nini? Nikamjibu: "Hapana, Sahra. Sisi tuna wasimamizi."

Wasomaji wa kwetu mnajua. Ukifunga ndoa kanisani kuna wale mume na mke wanaosimama nanyi madhabahuni. Hao si wa kupigwa picha tu. Hao ndio wazazi wa ndoa yenu mpaka kufa. Mkigombana, hamwendi kwa mama, hamwendi kwa polisi, mnakwenda kwao. Wanaitisha kikao, chai inaandaliwa, mambo yanasemwa na kumalizwa humo ndani. Hata huku ughaibuni tumeibeba desturi hiyo kama tulivyobeba majani ya chai kwenye sanduku.

Wasimamizi wetu wanakaa Kings Heath. Mume ni Mzee Gitau, mzee wa kanisa, na mkewe ni Lydia. Lydia nilimpenda kama dada wa tumbo moja. Nilimpelekea anifichie buti zangu, fimbo zangu za kupandia mlima, na pasipoti yangu iliyokwisha kupigwa viza ya India. Nilimwonyesha shingo yangu. Alilia nami, akanishika mikono, akaapa kwamba vitu vile havitatoka kwake mpaka siku ya ndege. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kabisa. Ningejuaje?

Jumapili moja baada ya ibada wakaja kwetu. Nilikuwa nimepika chai na mandazi, maana niliambiwa ni kikao cha kumkanya mume wangu. Mzee Gitau akaomba. Baba Shiko akakaa, mikono magotini, mpole kama mtoto wa kipaimara. Kisha Lydia akatoka nje kwenye gari... akarudi na buti zangu. Akarudi na fimbo zangu. Akaviweka vyote mezani, karibu na mandazi, na juu yake akaweka pasipoti!

"Mama Shiko," akaniambia kwa sauti laini, "nyumba haijengwi kwa siri. Tumeomba, tukaona ni vyema kila kitu kije mezani."

Nikasema, dada, si nilikuonyesha shingo? Nikaifunua tena mbele ya wote. Mzee Gitau akaitazama chai yake. Akasema ndoa zote zina moto wake, na kwamba mwanamke anayeficha pasipoti anamfundisha mumewe kushuku. Akaiokota pasipoti yangu, akamkabidhi Baba Shiko kama kichwa cha nyumba, akaniambia niombe radhi.

Na niliomba! Mimi, mwenye mdomo huu mnaousikia, niliomba radhi. Wakapiga makofi. Wakanywa chai. Lydia alinikumbatia mlangoni na kuninong'oneza kwamba siku moja nitamshukuru.

Gari lao lilipopinda kona, Baba Shiko aliufunga mlango na kuutia ufunguo mfukoni. Kulikuwa bado mchana, watoto wa jirani wanacheza mpira nje. Nilimwambia anirudishie pasipoti yangu. Aliitoa, akaipasua mara mbili mbele ya macho yangu, akazitupa karatasi kwenye birika la chai. Kisha akachukua fimbo yangu moja pale mezani.

Alinipiga mgongoni kwanza. Nikageuka nikamrushia birika, likamchoma kifuani, akanguruma. Nilimng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya damu, sijui ilikuwa yake au yangu. Nilipigana, jamani! Lakini alinikamata nywele akanibwaga sakafuni, paji la uso likachanika, akaukanyaga mguu wangu wa kulia, na kwa ile fimbo akaanza kulipiga goti. Alikuwa akisema, "Panda sasa! Panda milima!" Alilipiga mpaka fimbo ikapinda. Akachukua ya pili. Mimi ni muuguzi, najua mfupa ukivunjika unaliaje. Niliusikia.

Alipochoka aliketi kwenye kochi akaanza kulia, eti nimemfanya nini. Nilijiburuta kwa viwiko hadi ilipokuwa simu yangu, chini ya meza. Mguu ulikuwa unanifuata kama wa mtu mwingine.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nina simu mkononi, goti limevunjika, damu inanitiririka machoni. Mjini humu kuna polisi, kuna gari la wagonjwa, kuna Sahra. Nilimpigia nani?

Nilimpigia Lydia.

Vidole vilimpigia vyenyewe, ndivyo tulivyofundishwa. Akaniambia nisimpigie mtu mwingine yeyote, wanageuza gari. Kweli walirudi, Baba Shiko akawafungulia. Mzee Gitau aliokota fimbo zilizopinda akazipeleka kwenye gari lake. Lydia alichukua kitambaa cha vyombo akafuta damu sakafuni kabla hajaigusa damu ya usoni mwangu. Kabla hajanigusa mimi! Kisha wakaniwekea mikono kichwani na kuomba, ombi refu, mimi ningali sakafuni.

Walinibeba kwa gari lao hadi hospitali. Njia nzima Lydia alinifundisha maneno. Nilikuwa nimebeba nguo za kufua. Niliteleza kwenye ngazi. Alinikumbusha kwamba Baba Shiko akifungwa, kanisa letu litasemwa na mji mzima, na Shiko atakuwa mtoto wa mfungwa. Nilikubali kwa kichwa. Maumivu yalikuwa makali, ningekubali lolote.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa msichana mdogo wa Kihindi. Akauliza kilichotokea. Lydia akadakia, "Alianguka kwenye ngazi, maskini." Yule msichana hakumtazama Lydia. Alinitazama mimi, na nikaujua mtazamo ule, maana nimewatazama wanawake wengi hivyo kazini kwangu. Nimewasikia wakisema ngazi, mlango, kabati. Wangapi niliwaandikia ngazi huku nikijua?

Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, kwamba huyu ni mwongo na aliyenivunja ni mume wangu: "She's lying. My husband did this, and the sticks are in her car!"

Lydia alinishika bega akasema kwa Kiswahili, "Mama Shiko, usituangamize." Nikamwambia aniondolee mkono wake kabla sijaung'ata nao.

Polisi walizipata fimbo. Baba Shiko alifungwa. Mzee Gitau na Lydia nao waliitwa wakahojiwa, na kanisani ikasemwa ni mimi niliyewaharibia jina watu wa Mungu. Sijarudi kanisa lile. Lydia tulikutana sokoni, akavuka barabara.

Goti langu lina vyuma. Daktari alinieleza kwa upole kwamba nitatembea, ila milima mirefu, na mzigo mgongoni, siku nyingi mfululizo, nisahau. Sahra alitaka kuifuta safari yake. Nilimtukana mpaka akakubali kwenda, yeye na binamu yake. Kutoka huko juu alinitumia ujumbe wa sauti, upepo mkali unavuma, yeye anahema na kucheka. Nimeuanza mara nyingi. Sijaweza kuufikisha mwisho.

Lakini lililonivunja zaidi ni swali la binti yangu. Shiko alikuja kutoka Leeds, akakaa kando ya kitanda changu hospitalini. Yeye huelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo alinena taratibu sana: "Mum, why did you ring her first?"

Kwa nini nilimpigia yeye kwanza? Mama mzima, muuguzi mzima, nikamkabidhi mtoto wangu simu yangu.

Dada zangu mnaosoma haya, mlioko Birmingham, Nairobi, Mombasa, popote... nawasihi. Desturi zetu ni nzuri kwa mume mchoyo, kwa mume mlevi, kwa mama mkwe mkali. Mume akishakuinulia mkono, kikao kimekwisha! Usipike chai. Usimpelekee mtu pasipoti yako akufichie, hata kama alisimama nawe madhabahuni akiwa na shada la maua. Toka ukiwa na miguu yako yote miwili, na simu ya kwanza uipige polisi. Shiko aliniondolea namba ya Lydia kwenye simu yangu yeye mwenyewe, nami nikamwachia afanye.